Kaunta buku ya kwaya mbili: muhula mzima na kazi za makundi

Nafundisha Jiografia kidato cha pili hapa Mbeya, mkondo wenye wanafunzi 78. Januari nilinunua kaunta buku 13 za kwaya mbili (kwaya ya karatasi, yaani kipimo cha wingi wa kurasa, si ya kanisani) pale Mwanjelwa, shilingi 3,200 kila moja baada ya kubembelezana sana na mama muuzaji. Hela yangu mwenyewe. Kundi la watu sita, kaunta moja.

Kabla ya hapo nilikuwa naletewa karatasi zilizobanwa pini: mwandiko mmoja, msafi, na juu yake majina sita. Ukimwita wa sita aje mbele aeleze, anatazama dari. Homuweki za mmoja mmoja ndiyo usiseme. Asubuhi kabla ya paredi unakuta daftari la binti mmoja limezungukwa na vichwa kumi, wanaangalizia mpaka neno alilolikosea. Ukiuliza, “Mwalimu, umeme ulikatika.” Umeme umekatika kuanzia Uyole hadi Iyunga, na kosa ni lilelile!

Basi nikaweka masharti. Kaunta haiendi nyumbani, inalala kabatini kwangu. Kila mtu anaandika sehemu yake kwa mkono wake na kutia sahihi pembeni.

Sifa kubwa ya hizi kaunta ni kwamba zimeshonwa kwa uzi. Karatasi moja imekunjwa katikati, kwa hiyo ukichana upande huu, mwenzake wa upande wa pili analegea. Sikulijua hilo mpaka Machi, kundi la tano walipopewa kueleza jinsi lava ilivyojenga Daraja la Mungu kule mto Kiwira. Kazi ikaja nzuri ajabu. Nafunua kurasa za mbele, karatasi tupu ikadondoka miguuni pangu. Wamechana.

Nikamwita kiongozi wa kundi. Hakubisha. “Samahani mwalimu, mwenzetu alikuwa ameandika Kiswahili.” Ukurasa wenyewe alikuwa nao mfukoni, umekunjwa mara nne.

Nikausoma ofisini. Yule kijana aliyeuandika kwao ni Kiwira, na lile daraja amelivuka mara nyingi kuliko mimi. Alikuwa ameeleza mwamba ulivyo, maji yanavyopita chini, na kwa nini anadhani mto haujaung’oa. Wenzake watano walikuwa wamenakili kitabu, na nilipowauliza maana ya sentensi yao ya pili hakuna aliyejibu. Hawa watoto wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha tukawahamishia kwenye Kiingereza. Mimi nilikuwa nawaita wavivu.

Tangu siku hiyo ukurasa wa kushoto ni wa Kiswahili, kila mtu anamwaga alichonacho. Wa kulia ni Kiingereza, wanatafsiri pamoja huku nikizunguka, maana mtihani wa Novemba haumsubiri mtu. Homuweki nazo nimepunguza: maswali matatu, la kwanza tunalianza darasani kabla ya kengele. Wa kuangalizia bado wapo, ila sasa ni wawili watatu, na nawajua kwa majina.

Sasa kasoro za bidhaa. Kile kitambaa chekundu cha mgongo kimebanduka kwenye kaunta nne hata Juni haijafika, na hizo zinakaa kabatini, hazijaonja mvua. Karatasi ni nyepesi; kalamu yenye wino mzito inapenya upande wa pili, na markapeni usijaribu. Kubwa zaidi, kwaya mbili ni kurasa 192, lakini moja nilipoihesabu nilikuta 184. Nane zimeliwa na nani? Kampuni siitaji, ila wewe hesabu ukiwa bado dukani, hata wakikununia.

Kwaya nne usinunue kwa kazi hii. Ina kurasa 384, ni nzito na watoto sita hawawezi kuizunguka vizuri kwenye dawati. Hata hii yangu ni kubwa mno, kundi lililoandika sana limefika ukurasa wa 70. Kwaya moja ingetosha, sema siku ile hawakuwa nazo.

Juzi nimerudi kununua tatu nyingine za kubadilisha zile zilizobanduka kabisa. Zimefika 3,500, na mama yule safari hii hakushuka hata mia.