Fundi fremu aliyeipangusa picha yangu ya Idd

Nianze na haki yake, maana hasira ikishapanda sitarudi huku. Fremu ni nzuri. Mninga safi, kona zimekutana hadi kucha haipiti, na mbao imeachwa na rangi yake bila ile vanishi ya kung'aa mpaka unajiona. Kwa fremu peke yake ningempa nyota nne na salamu kwa wazazi wake.

Sasa tuje kwenye picha.

Ni mchoro wa pasteli laini, zile rangi za vijiti, meza ya Idd kama tunavyoiandaa kwetu Tanga: dele la shaba, vikombe vya kahawa, sahani ya halua, tende, kaimati, na chetezo kikifuka ubani. Niliichora Ramadhani, usiku baada ya tarawehe, iwe zawadi ya mama. Aliyewahi kushika pasteli anajua shughuli yake. Shaba ina unjano kidogo tu. Tumbo la dele lina zambarau, lina kijani upande wa kivuli, lina wekundu wa kanga iliyotandikwa chini yake, na ule mng'ao wote ni nukta moja nyeupe unayoiweka mwisho kabisa huku umezuia pumzi. Halua nayo ni balaa: katikati karibu nyeusi, ukingoni mwanga unapopenya inageuka kahawia yenye wekundu, halafu kuna lozi zimejificha humo. Moshi wa ubani niliuvuta kwa kidole cha mwisho, taratibu, kwa sababu kidole kikubwa kingeua kila kitu.

Mjue pia kwamba pasteli laini ni unga wa rangi uliotiwa gundi kidogo sana, ya kuufanya ushikane uwe kijiti. Haikauki kama rangi ya mafuta wala haizami kwenye karatasi. Inakaa juu juu, imenasa kwenye ukwaru wa karatasi, basi. Hata ile dawa ya kupulizia ili isimwagike sikuitumia, maana huwa inazifubaza rangi za mwanga, na nukta yangu nyeupe ningeilipia. Kwa hiyo niliipeleka imelazwa ndani ya boksi na kufunikwa karatasi laini, nikamweleza fundi polepole: kaka, usiiguse usoni, na kioo kisilale juu ya picha, zungushia kadibodi nene ibaki nafasi. Akaitikia bila hata kuinua macho kwenye simu. "Usijali dada, tumezoea."

Kwenda kuichukua, sikukuu imeshakaribia, nakuta ipo juu ya benchi, kioo kinameta, kadibodi imezungushwa vizuri kabisa, na yeye anatabasamu. Nikatafuta dele. Lipo, lakini kama kitu kilichosimama nyuma ya pazia. Ile nukta nyeupe imeburutwa mpaka kwenye tende. Moshi umeondoka na nusu ya chetezo.

"Hapa pamefanyika nini?"

"Ilikuwa na vumbi, dada. Nimekupangusia."

Kwa kitambaa. Kikavu, akasisitiza, akingoja sifa. Na hakunitoza hela ya usafi. Hilo pia alilitaja.

Nikamwambia picha yenyewe ndiyo vumbi! Akamgeukia kijana wake, wakacheka. Halafu akasema neno ambalo hadi leo nikilikumbuka chai inanipalia: "Si chaki tu hii, dada'angu? Unapakaza tena."

Chaki tu. Mchoraji Liotard alimchora binti aliyebeba sinia lenye kikombe cha chokoleti na glasi ya maji, kwa pasteli juu ya ngozi ya mnyama iliyoandaliwa kama karatasi, miaka ya 1740. Picha ipo Dresden, Ujerumani, na maji ndani ya ile glasi bado yanaonekana kuwa maji. Karibu miaka 280! Yangu haikumaliza wiki Kinondoni.

Mtasema kosa linatokea. Sawa, linatokea. Mtu angeniambia "samahani dada, sikujua," ningekwenda nyumbani nilie kivyangu na yangeisha. Bei alinipunguzia, sitamsingizia, lakini aliipunguza kwa uso wa mtu anayemtuliza mtoto dukani. Ile "unapakaza tena" ndiyo sijaimeza.

Mama ameitundika sebuleni. Anawaonyesha wageni jinsi dele linavyofuka mvuke. Mvuke! Nimenyamaza, nakula zangu kaimati.

Kwa hiyo kama una picha ya harusi au cheti cha chuo, nenda, kazi ya mbao anaijua kweli na bei yake si mbaya. Kama una pasteli, nunua fremu tupu kwake, ukaifunge nyumbani mwenyewe, na ukiona unga umedondoka uinamishe picha uigonge mgongoni, usiipulize wala usiifute. Mimi mwenyewe huenda nikafanya hivyo picha ijayo. Au nisifanye. Kila nikipita nje ya karakana yake yule kijana ananipungia mkono, "Dada wa chaki!", na nia yote inaniisha.

Nyota mbili, basi. Moja ya mninga, na nyingine ya kadibodi. Hapana, hiyo ya kadibodi naipangusa. Kwa kitambaa kikavu.