Nimelala siku mbili kwenye loji ya mto Kinabatangan, Sabah

Kabla sijaenda nilitafuta maelezo ya Kiswahili kuhusu huku nikakosa kabisa, kwahiyo naandika mwenyewe. Mimi nasoma Kuala Lumpur, likizo fupi ilipotokea mimi na rafiki yangu tukapanda ndege mpaka Sandakan, mji wa jimbo la Sabah, upande wa Malaysia ulioko kisiwa cha Borneo, karibu masaa matatu angani. Bebeni pasipoti hata kama mnaishi Malaysia, Sabah wana uhamiaji wao na wanagonga muhuri wao.

Gari la loji lilitupeleka masaa mawili na ushee mpaka karibu na kijiji cha Sukau na njiani ndo roho ilianza kuniuma. Mimi mtu wa Kigoma, michikichi naijua toka utotoni, bibi yangu alikuwa anakamua mawese, lakini sijawahi kuona michikichi mistari imenyooka hivyo unaendesha unaendesha haiishi, mti mwingine hamna. Na mti wenyewe asili yake Afrika! Ukifika mtoni unakuta msitu uliobaki ni ukanda tu kando ya maji, sehemu nyingine michikichi unaiona kabisa kwa nyuma. Wanyama wamebanwa humo, ndo maana unawaona kirahisi. Hilo kwenye matangazo hawakwambii.

Chumba cha mbao juu ya nguzo, neti nzima, feni, maji ya moto hamna na wala huyahitaji kwa joto lile. Kilichonifurahisha ni mshale wa kibla darini, huhangaiki kuuliza mtu. Chakula chote halali, wenyeji wa pale wanaitwa Orang Sungai, yaani watu wa mto, wengi ni Waislamu. Yule mama wa jikoni nilimuomba nanasi kwa Kiswahili maana neno lilinitoka tu, akaniletea, kwao ni nanas! Basi tukaanza kutafuta mengine, sabuni wao sabun, karatasi wao kertas, dunia ni dunia hiyohiyo.

Sasa boti. Tunatoka saa kumi jioni, na jua likianza kushuka wale kima wa pua ndefu wanakuja kulala kwenye miti ya ukingoni, dume pua inaning'inia mpaka chini ya mdomo, anaisogeza pembeni kwa mkono ndo ale jani. Muongozaji akazima injini tukabaki tunaelea, unasikia dume anaguna kwa puani, matawi yanapasuka wakiruka, halafu kimya. Sijawahi kukaa kimya hivyo na watu nisiowajua.

Orangutani, yule jamaa wa sokwe mwenye manyoya mekundu, tulimuona mmoja kwa mbali, ila kabla yake muongozaji alituonyesha kiota juu ya mti na mimi nikakitambua kabla hajamaliza kusema, maana sokwe wetu wa Gombe nao wanakunja matawi hivyohivyo kila jioni wakatandika pa kulala. Aisee machozi yalinilengalenga.

Malalamiko yangu ni mawili. Safari ya usiku tuliambiwa ipo ndani ya bei, kufika pale wakataka hela ya ziada, tumebishana mpaka wakakubali tulipoonyesha meseji zao. La pili ndo kubwa, siku ya kwanza nilipewa laifu jaketi mkanda umekatika, kwenye mto wenye mamba! Nilikataa kupanda mpaka waniletee nyingine, wakaleta. Na wewe kataa, usione aibu, kagua kabla hujakaa.

Mvua ikinyesha ruba wanajaa kwenye njia ya msituni, nunueni zile soksi ndefu za kitambaa kizito palepale loji. Waifai inashika sehemu ya kulia chakula tu.

Siku mbili ni chache, kaeni tatu. Sisi tembo hatukuwapata, tuliona kinyesi na majani yaliyolaliwa ukingoni, muongozaji akasema wapo jirani tuvute subira. Nikiwa kwenye foleni eapoti ya Sandakan akanitumia video wasapu, kundi zima linavuka mto, watoto mikonga juu, palepale tulipozima injini.