Bafu la faiba limebanduka, na anayeulizwa maswali ni mimi

Naandika nikiwa nimechemka, mtanisamehe. Nyumba nyingi za huku Marekani bafu la shawa ni la faiba, yaani plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, sakafu na kuta zimeungana kipande kimoja, ukitaka kulitoa ubomoe ukuta. Langu lilikuwa limefubaa, likaingia umanjano, na karibu na tundu la maji pakaota nyufa nyembamba. Kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa hapa Texas wakanielekeza kwa fundi, kijana wa Kenya, anayepaka epoksi, rangi ngumu ile ya makopo mawili. Eti bafu linarudi jipya. Na kweli, alipomaliza liling'aa hadi nikaita jirani aje kuona.

Haikupita muda, malengelenge. Yalianzia kwenye kona alikobandua silikoni ya zamani, yakahamia pembeni mwa tundu la maji, na asubuhi moja nikanyanyua kipande cha rangi ukubwa wa kiganja. Upande wa chini ni laini kama kioo! Rangi iliyoshika haitoki hivyo, inang'oka kwa shida na inaondoka na unga wa ilikoshikilia.

Nikamwita. Akaja, akaingia na viatu vyake, akainama, akasema, "Mama, kwani wewe unaoga na nini?"

Naoga na nini! Nyumbani kwangu, kwa hela yangu. Naoga na maji, mwanangu, na sabuni, kama mama yako. Akaendelea kwamba lazima nimemwaga jiki. Sijamwaga jiki.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwepo anafanya kazi. Silikoni aliikwangua kwa wembe, basi, wakati utando wake unaobaki huuoni kwa macho na rangi haishiki juu yake. Mafuta ya sabuni na silikoni unayatoa kwanza, ndipo unapiga msasa. Yeye alianza na msasa, akayasugua yaingie vizuri kwenye mikwaruzo. Kuta alizisugua kwelikweli, sikatai. Kufika sakafuni simu ikaita. Kopo la rangi na la hadena, ile ya kuigandisha, keshachanganya, yeye yuko uani anacheka na mtu, na joto la huku lilivyo, mchanganyiko ule unaganda upesi, hausubiri mtu amalize maongezi. Aliporudi akapaka hivyo hivyo.

Na nyufa je? Sakafu inabonyea ukiikanyaga, chini yake ni uwazi mtupu. Pale panajazwa kwanza, kwa povu la kugandisha au zege, ufa unazibwa kwa resini, gundi inayoganda ikawa ngumu, na kitambaa cha faiba, rangi ndiyo ya mwisho. Epoksi ikishakauka ni ngumu, sakafu ikicheza inapasuka tu. Yeye alipaka puti. Puti!

Nilikuwa nimeshaandika kwamba epoksi yenyewe ni takataka, nyota moja. Nimefuta. Kwenye kuta nimebandika tepu nikaivuta kwa hasira zangu zote, nimekwaruza kwa ufunguo, rangi haikutikisika. Kwa hiyo kopo halina kosa, na mwenye bafu lililofubaa asiogope epoksi, aogope fundi mwenye haraka. Nyota tatu basi kwa fundi, maana kuta hakika ni nzuri, na bei yake haikuwa ya kunyonga. Lakini kila nikiingia kuoga nalisikia lile swali, natoa moja. Ziwe mbili.

Jana kanitumia ujumbe wa sauti, kwa upole sasa, "mama" kila neno: atakuja Jumamosi apitishe mkono mmoja wa rangi juu, bure. Juu ya malengelenge! Nimemjibu aje na asetoni, akwangue sakafu yote hadi aione faiba yenyewe, na aje na povu la kujaza chini, la sivyo abaki kwake. Tiki za bluu zimetokea tangu jana mchana. Hajajibu.

Nyota moja.