Pasta ya kusukuma fizi: msinitajie tena

Mimi ni daktari wa meno. Nilikwenda Kariakoo kutafuta uzi wa kusukuma fizi, ule mwembamba wa kuitenga fizi na jino kabla ya kuchukua kipimo, yaani nakala ya jino. Ilikuwa mvua za masika hazijaisha. Muuzaji akacheka. "Dokta, bado unashindilia uzi? Chukua pasta, dakika mbili umemaliza." Nikachukua. Bei siitaji, presha yangu itapanda.

Kusema haki, mwanzoni niliipenda. Uzi unataka mkono mwepesi, na mara nyingi ganzi. Ukikosea kidogo fizi inachuruzika damu. Pasta unaipenyeza kati ya jino na fizi, unasubiri, unasuuza. Mgonjwa hata hakunji uso.

Akaja mama mmoja wa Kigamboni, anataka kofia ya gego, na ukingo wa jino nililochonga, pale kofia inapoishia, umezama chini ya fizi. Nikaweka pasta, nikasuuza, nikachukua kipimo kwa silikoni. Kukitoa, pale kwenye ukingo panateleza kama mlenda, hapajaganda. Nikarudia, vilevile. Mama akauliza kwa upole, "Kwa hiyo mwanangu, kesho nivuke tena pantoni?" Bora angenitukana.

Akavuka. Safari hii kikaganda, lakini fundi wa maabara akanipigia: "Dokta, mstari wa ukingo siuoni, nikate wapi?"

Nikampigia muuzaji. "Tatizo hujui kusuuza." Mimi! Akanikatia simu.

Haya, hasira imepungua, niseme ukweli. Pasta ile ina alumini kloridi, na mabaki yake yanaweza kuigomesha silikoni isigande. Siku ile foleni ilikuwa hadi mlangoni, nilisuuza kwa haraka. Tena silikoni nzito niliikanda nikiwa na glovu za mpira, na salfa ya glovu hizo ina ubaya uleule. Kwa hiyo huenda yule kijana muuzaji alikuwa sahihi. Adabu ndiyo hana.

Ukingo ukiwa usawa wa fizi, pasta inafaa, sikatai. Ukizama, mimi ni nyuzi mbili: mwembamba, namba 000, chini, mnene juu, wa juu unautoa, wa chini unauacha wakati wa kipimo. Uzi wenye adrenalini, dawa inayoweza kupandisha presha, sikuugusa, maana mama yule ana presha.

Mara ya tatu alipovuka, mstari ulitoka wote, mzima, hadi fundi akanitumia picha. Kidogo nilie.

Kwa yule muuzaji sirudi. Labda 000 ikiniishia, maana maduka mengine niliyopita hawana.