Kichwa cha kufunga kwenye monopodi: kipi ununue, kipi uache

Wakuu wa kamera wa Mbeya, Iringa, Njombe na kwingine huku juu, leo naongelea kichwa cha monopodi, yaani kile kipande kinachokaa kati ya kamera na ule mguu mmoja wa kuishikilia, maana vijana wengi wananiuliza wakiwa tayari wameshatoa hela, na karibu wote wamenunua kile kile cha gololi, kinachozunguka kila upande, kwa sababu ndo kilikuwa dukani.

Kabla hujatoa hata mia, shika monopodi yako ikiwa haina kitu juu uone inafanya nini yenyewe. Ukitaka kugeukia kushoto au kulia unauzungusha tu mguu mkononi. Picha ikiwa imepinda upande, unaulaza mguu kidogo imenyooka. Kilichobaki ni kimoja, kuangalia juu na kuangalia chini, hapo mguu peke yake unakwama kwa sababu ukiulaza sana mbele au nyuma mzigo wote unakuelemea na mkono unaanza kutetemeka. Kwa hiyo kichwa unakinunulia hiyo kazi moja iliyobaki, na mpangilio wangu wote hapa chini unatoka hapo.

Namba moja kwangu bila kusita ni kichwa cha bawaba, dukani uliza tilti hedi. Kinainama mbele na nyuma tu kama bawaba ya mlango, basi. Mi nakaa nyuma ya goli pale uwanja wa Sokoine na lenzi ndefu ya 70-200, kona ikipigwa mabeki wanaruka, natakiwa kuinua lenzi haraka na kuirudisha chini mpira ukidondoka, na hapo nakuwa nimekaza kitasa cha kichwa nusu, yaani kinagoma kidogo ila kinakubali nikisukuma, lenzi inabaki nilipoiacha na haiangukii pembeni kwa sababu pembeni haina njia. Mechi nzima sigusi kitasa tena.

Kwenye hivi vya bawaba angalia uzito kweli kweli. Manfrotto 234RC ni cha siku nyingi na kinapatikana hata mtumba, kinatumia plati (kibao kidogo unachofunga chini ya kamera) ya aina ya RC2, ila kimeandikiwa kilo 2.5. Piga hesabu: Canon 70-200 f/2.8 IS ya pili ni gramu 1,490, weka na bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ya Canon 6D yenye gramu 770, umefika 2,260, kinabeba ila uko karibu na ukingo. Ukija na Nikon 200-500 f/5.6 ambayo lenzi peke yake ni gramu 2,300, ukifunga bodi umeshavuka, hapo nenda kwenye Sirui L-10 au, kama mfuko unaruhusu, Really Right Stuff MH-01 au Kirk MPA-1. Hivi vinashika plati ya mtindo unaoitwa Arca, na kama unaanza leo nakushauri uingie huko moja kwa moja, plati zake zimejaa kila mahali na moja ikipotea hauhangaiki.

Kuna jambo moja hapa wengi linawaumiza, nalieleza taratibu. Plati ya chini ya bodi ya kamera inaingia kwenye kibanio, yaani sehemu ya juu ya kichwa inayoshika plati, kwa kwenda kushoto na kulia, lakini plati ya mguu wa lenzi, yaani ule unaotoka kwenye pete inayozunguka lenzi ndefu, inaelekea mbele na nyuma. Sasa kibanio kikiwa kimekaa kwa ajili ya bodi halafu ukafunga mguu wa lenzi, ukiinamisha kichwa kamera inalala ubavuni badala ya kuangalia juu, na mtu anasema kichwa kibovu kumbe kibanio tu ndo kimegeuka. Kwa hiyo kabla ya kulipa muulize muuzaji kama kibanio kinageuzwa nyuzi 90. Vingine unalegeza skrubu moja kwa alenki unakigeuza, vingine havigeuki kabisa, hivyo usichukue kama una mpango wa kununua lenzi ndefu baadae.

Namba mbili itakushangaza: usinunue kichwa. Kama lenzi yako ina pete na kazi yako ni watu mliosimama nao usawa mmoja, mpira wa mtaani, riadha, maandamano ya kanisa, funga mguu wa lenzi moja kwa moja kwenye skrubu ya monopodi. Pete inakupa picha ya kusimama na ya kulala, mguu unakupa kugeuka, hamna kitu cha kulegea wala cha kukatika. Tatizo ni kutoa na kufunga, maana unazungusha skrubu wakati bibi harusi keshaingia. Dawa ya hilo ni kibanio chenyewe tu bila kichwa, bei yake ni ndogo na unachomoa kamera kwa sekunde. Mdogo wangu anayepiga picha Iringa pale uwanja wa Samora ndo anavyotumia hivyo mwaka wa pili sasa na hajawahi kuniomba kichwa.

Kichwa cha gololi, boli hedi, nakiweka namba tatu. Si kibaya, kwenye tripodi ya miguu mitatu ni kizuri sana, ila juu ya mguu mmoja kinakupa miendo mitatu wakati miwili unayo tayari, na ukikilegeza vyote vinalegea kwa pamoja. Mi kilinipata Kitulo mwezi wa pili, tumepanda kupiga maua na ndege, kule ni zaidi ya mita 2,600 na upepo wake mnaujua, vidole vimekufa ganzi, nikalegeza kitasa kidogo tu nifuate ndege aliyeruka, lenzi yote ikaanguka mbele ikagonga bomba la monopodi, kofia ya lenzi ikapasuka. Toka siku hiyo nikiwa na lenzi nzito sifungi gololi kwenye monopodi. Anayefaidika nacho ni mwenye lenzi fupi isiyo na pete anayetaka picha za kusimama, unailaza gololi kwenye ule mkato wa pembeni unapata. Na kama unacho tayari kwenye tripodi yako kihamishe utumie, ukikaze, kisha nunua bawaba taratibu ukipata hela.

Watu wa video, kichwa chenu ni kile cha mkono mrefu chenye grisi ndani, kinainama taratibu bila kuruka ruka. Kwa send-off na harusi ukumbini kinapendeza sana. Lakini kisichukuliwe kwa monopodi ya kawaida, kichukuliwe kwa ile yenye viguu vitatu vidogo chini na kitako kinachozunguka laini, la sivyo ukigeuza kamera mguu wote unajipinda na video inaonyesha. Kwa mpiga picha za mnato ni uzito wa bure.

Mwisho kabisa gimbali, kichwa kikubwa cha kubembea. Inabembeza lenzi kubwa vizuri, ila Wimberley WH-200 peke yake ina kilo 1.4 na zaidi, na uzito wote huo unaukalisha juu ya mguu mmoja unaoushika wewe. Hiyo ni ya tripodi. Na wanaokwenda Ruaha wakidhani wataitumia ndani ya gari, jamani, shona mfuko wa kitambaa kigumu, jaza maharage kilo mbili tatu, weka dirishani ulaze lenzi juu yake. Inatulia kuliko gimbali.

Ukifika dukani, iwe Mwanjelwa au ukiagiza Kariakoo mzigo upande basi, usinunue kwa kuangalia picha. Aliye Kariakoo akupigie video akijaribu. Kaza kitasa, shika kichwa kwa juu usukume chini kwa nguvu, kikishuka hata kidogo achana nacho hata kama kimeandikwa kilo 15. Kitasa kiwe kikubwa, kishikike ukiwa na glavu, hasa watu wa Makete na Njombe mwezi wa sita na wa saba. Angalia na tundu la chini: monopodi nyingi zina skrubu nene ya inchi 3/8 na nyingine nyembamba ya inchi 1/4, zisipolingana unahitaji bushi ndogo ya kubadilishia, iombe hapo hapo maana baadae utaitafuta mji mzima.

Ukishafunga, kumbuka kwamba unapogeuza kamera kwenda kushoto mara nyingi huku mguu umeng'ang'ania chini, kichwa kinaweza kuanza kujifungua chenyewe kwenye skrubu bila wewe kujua. Kama monopodi yako ina viskrubu vidogo vya kubana kwa chini vikaze na alenki, kama haina basi kila mapumziko shika kichwa ukizungushe kulia uone kama kimelegea. Mi nafanya hivyo refa akipuliza tu.