Nimeambiwa uso wangu ndio wenye kasoro, si miwani

Sikuwa na mpango wa kuandika haya. Miwani ya kuzamia ni kitu kidogo, mtu akivujiwa anaguna, anapanda kwenye boti, siku inakwisha. Lakini kuna maneno niliambiwa dukani mchana kweupe, mbele ya wateja wengine wawili, na mpaka leo nikiyakumbuka nasikia joto masikioni. Niliambiwa: "Dada, miwani haina shida. Uso wako ndio una shida."

Duka silitaji, wala mtaa wake. Ni hapa hapa Dar, wanauza vitu vya baharini, inatosha.

Ilikuwa kipindi kile kaskazi imeshalegea na maji yameanza kuwa meupe. Nilikuwa nimejiandikisha kujifunza kuzamia na mtungi, na mwalimu alituambia mapema kwamba mtungi tutapewa, mapezi tutaazima, ila miwani kila mtu atafute yake, kwa sababu inayomkaa mwenzako inaweza isikukae wewe. Nilimsikia lakini sikumwelewa. Nilidhani anazungumzia usafi.

Dukani nikamkuta kijana kaegemea kaunta, simu mkononi. Miwani zilikuwa kwenye maboksi, kila boksi limefungwa na kamba ya plastiki. Nikaomba kujaribu. Bila kuinua macho akasema, "Ukifungua umenunua." Nikamwambia kaka yangu, nitajuaje kama inanikaa? Hapo ndipo akaiweka simu, akachukua moja ya maonyesho iliyokuwa ukutani, akanivisha mwenyewe kama unavyomvisha mtoto kofia, akauvuta mkanda nyuma ya kichwa mpaka nikahisi macho yanasogea. "Unaona? Imekaa." Na kweli ilikaa. Mkanda ukivutwa hivyo, kitu chochote kitakaa usoni. Nikalipa shilingi 120,000, nikapewa boksi lililofungwa, nikatoka nimefurahi. Nilipofika nyumbani mama akaniuliza ile alama nyekundu kwenye paji la uso ni ya nini.

Jumamosi tukatokea Kunduchi na boti kwenda kisiwa cha Mbudya. Bahari ilikuwa imetulia kabisa, maji mafu, hata boti haikuwa inacheza. Tukashuka kwenye kamba taratibu. Mita mbili, tatu, sawa. Kufika kama tano nikasikia ubaridi chini ya pua upande wa kushoto, kama mtu kanigusa na ncha ya ulimi. Halafu ukapanda. Dakika moja baadaye maji yalikuwa yamefika kwenye kope za chini, na chumvi ikaanza kazi yake.

Tumefundishwa kuyatoa: unaangalia juu, unakandamiza fremu kwenye paji la uso, unapuliza kwa pua, maji yanatokea kwa chini. Nikayatoa. Nikavuta pumzi mbili, yakarudi. Nikayatoa tena. Nikasema labda mkanda umelegea, nikauvuta, yakaingia kwa kasi zaidi. Nilihesabu mpaka mara kumi na nne nikaacha kuhesabu. Na kila ukipuliza kwa pua ile ni hewa ya mtungi unaitoa, haitoki mahali pengine. Wenzangu wako mita kumi na mbili wanatazama matumbawe, mimi niko juu yao kidogo nimefumba jicho moja. Mwalimu akaja akatazama geji yangu ya hewa, akanionyesha kidole gumba juu. Kwa wazamiaji hiyo si ishara ya pongezi, maana yake panda. Nikapandishwa na msaidizi wake. Sidhani kama nilimaliza dakika ishirini.

Walipokuja botini walikuwa wanazungumza wote kwa pamoja. Wamemwona samaki taa wa madoa ya buluu amelala chini ya jiwe, mkia nje. Kila mtu kamwona. Mbudya ni hifadhi kisheria tangu 1975, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ili vitu kama hivyo viwepo na watu wavione. Nililipa kiingilio kama wao, nikaambulia chumvi machoni.

Jumatatu baada ya kazi nikarudi dukani. Nilikwenda kwa adabu, hili naomba lieleweke. Nilimsalimia, nikaiweka miwani juu ya kaunta, nikamwonyesha kwa kidole panapovuja. Akanitazama kichwani kwanza. "Umesuka rasta. Nywele ndizo zinaingiza maji." Hapo kwa haki hakukosea kabisa, kwa sababu unywele mmoja tu ukipita chini ya ule mpira wa miwani unaolala usoni unatosha kutengeneza njia ya maji, na sisi tunaosuka tunatakiwa kuangalia hilo kuliko mtu yeyote. Lakini siku ile nilikuwa nimezifunga zote nyuma na kitambaa, na maji hayakuingilia kwenye paji la uso, yaliingilia chini ya pua. Nina nywele chini ya pua? Nikamuuliza hivyo hivyo.

Ndipo aliposema lile neno la uso. Akaongeza kwamba nina uso mwembamba, na hizi wanavaa watu wenye nyuso za kawaida. Watu wenye nyuso za kawaida! Mama mmoja aliyekuwa anachagua kofia ya kuogelea akanigeukia akanitazama, kuhakikisha. Nilikuwa na miaka yangu yote hii na sijawahi kuambiwa na mtu kwamba uso niliopewa na Mungu hauingii kwenye viwango.

Na hakuishia hapo. Akatoa miwani ya kuogelea, zile ndogo za vikombe viwili zinazokaa kwenye macho tu, akasema ongeza elfu kumi na tano uchukue hizi, hazivuji. Nikamuuliza, za kuzamia? Akasema ndiyo, maji ni maji.

Hili ndilo linaloniuma kuliko lile tusi, na ningeomba mtu yeyote mwenye duka la namna hii anisikilize. Ukishuka mita kumi, shinikizo linakuwa mara mbili ya la juu, na hewa iliyomo ndani ya miwani inabanwa mpaka nusu. Miwani inaanza kukufyonza uso. Ndiyo maana miwani ya kuzamia inafunika na pua: unapuliza kidogo kwa pua, hewa inajaa tena ndani, mfyonzo unaisha. Zile za kuogelea pua imebaki nje, hakuna njia ya kuingiza hewa, kwa hiyo zinafyonza macho yenyewe, na mishipa midogo ya damu inapasuka. Mimi nilikuwa nimeshafundishwa. Je, angekuja mtoto wa mtu ambaye hajafundishwa, anayetaka kushuka chini tu kuokota kombe? Angeuziwa, angeambiwa hazivuji.

Niliondoka bila kurudishiwa hela. Njiani nikawa nimeshaamua kwamba miwani ile ni takataka na duka lile ni takataka, na kama ningeandika usiku ule mngesoma hivyo tu.

Aliyenigeuza ni mzee mmoja pale Kunduchi, mzamiaji wa kambakochi, anashuka kwa pumzi yake mwenyewe tangu ujana. Nilimkuta anasugua miwani yake kwa mate, nikampa shikamoo, nikamweleza. Akaipokea miwani yangu, akaugeuzageuza ule mpira wa silikoni, akaubonyeza kwa kidole gumba. Nikamngoja aseme ni mbovu. Akasema, "Hii nzuri, mwanangu. Uliijaribu?" Nikamwambia nilivishwa. Akasema, "Kiatu unakivaa dukani unatembea nacho. Hii hukuijaribu?"

Akaurusha mkanda mbele, usiguse kichwa kabisa. Akaniambia niondoe nywele usoni, niiweke miwani taratibu bila kuikandamiza, nifunge mdomo, nivute hewa kwa pua kidogo, nibane pumzi, halafu niachie mikono. Nikavuta. Nikasikia hewa inapita ufiii, pale pale, chini ya pua upande wa kushoto. Nilipoachia mikono ikadondoka mchangani. Akaiokota, akaipangusa, akaniwekea tena na kupitisha kidole pembeni ya pua yangu: "Hapa pana mwanya. Mpira wake mpana, shavu lako linaingia ndani kabla haujafika." Akasema lile neno lile lile la kijana, kwamba nina uso mwembamba. Na sikuumia hata kidogo. Alikuwa anazungumzia miwani.

Akaniambia na mengine, nayaweka kama alivyoyasema. Mkanda si wa kuzuia maji. Kinachozuia ni ule mpira kulala vizuri kwenye ngozi, na ukishashuka maji yenyewe ndiyo yanayoubana. Mkanda unaishikilia miwani isizunguke, basi. Ukiuvuta sana mpira unajikunja, na mkunjo ni mlango. Kwa hiyo kule chini nilikuwa najifungulia maji kwa mikono yangu kila nilipokaza, na aliyenifundisha kukaza ni yule yule aliyeniuzia. Tena akasema ukijaribu, rudia ukiwa umeng'ata mrija wa kupumulia, kwa sababu mdomo ukishika kitu mashavu yanabadilika umbo, na miwani iliyokaa mdomo ukiwa umefungwa inaweza kuachia. Na vidole viweze kushika pua vizuri kwa juu ya mpira, vinginevyo masikio yakibanwa na shinikizo ukishuka hutaweza kuyafungua. Kuhusu ukungu alinishangaa: kioo kipya kina utando wa kiwandani, lazima ukisugue kwa dawa ya meno nyeupe mara kadhaa kabla ya kwenda nayo baharini, ndipo mate yafanye kazi. Dukani hakuna aliyefungua mdomo kuhusu hilo.

Kufika nyumbani nikampa mdogo wangu aijaribu. Yeye kachukua uso wa baba, mpana, mashavu yamejaa. Akavuta kwa pua, akaachia mikono, ikaganda. Akainama, ikaganda. Akatikisa kichwa. Akaenda nayo hivyo hivyo jikoni kumwonyesha mama, mikono nyuma, mkanda unaning'inia, mpaka alipocheka ndipo ikaachia. Basi ile miwani haikuwa takataka, naliondoa hilo neno. Laki na ishirini yangu imekaa kwenye uso wa mtu mwingine, ila imekaa vizuri.

Nikarudi dukani mara ya tatu. Najua mtaniuliza kwa nini. Kwa sababu zile nilizotaka kujaribu nilikuwa nimeziona pale, na kwa sababu nilitaka yule kijana anione. Hakuwepo kaunta. Alikuwepo binti mmoja, mgeni kwangu. Nikamwambia bila kuzunguka: sinunui mpaka nijaribu bila mkanda, na nitajaribu nyingi. Akafungua droo ya chini, akatoa mkasi, akaanza kukata zile kamba za plastiki moja baada ya nyingine. Hakuuliza kitu. Ya kwanza ilidondoka. Ya pili ikashika lakini ikanigonga mfupa kati ya macho, na pale ukikaa nusu saa chini ya maji utapandisha kichwa kinauma. Ya tatu na ya nne zikapitisha hewa pale pale pa siku zote. Ya tano, ndogo, mpira wake mweusi na mwembamba, nikaiweka, nikavuta, kukawa kimya. Nikaachia mikono. Nikainama mpaka nikaona viatu vyangu. Binti akanipa mrija bila kuombwa, akaupangusa na kitambaa safi, nikaung'ata, nikarudia. Haikuachia. Bei yake ilikuwa 85,000, nafuu kuliko ile ya kwanza, na hakuna aliyewahi kunionyesha.

Kwa hiyo nilikuja hapa kuwaambia msikanyage pale, na sasa siwezi kusema hivyo. Binti yule anajua kazi yake na ningempeleka mtu yeyote kwake. Lakini wakati nalipa, kijana akatoka stoo, akaniona, akaniangalia mimi, akaangalia yale maboksi yaliyofunguliwa, akamwambia mwenzake, "Nani atazifunga hizi?" Hata salamu. Hapana, jamani. Nusu ya hasira yangu ilirudi pale pale na bado ninayo.

Miwani mpya nimeshashuka nayo Mbudya mara tatu. Mkanda wake nimeushonea kipande cha kanga ya mama ili usinase kwenye rasta. Mara ya pili tulimkuta taa, sijui kama ni yule yule. Najua chini ya maji kila kitu kinaonekana kikubwa kwa kama theluthi moja, lakini kwangu alikuwa mkubwa kama sinia la harusi, na madoa yake ya buluu niliweza kuyahesabu. Nilikaa pale kavu mpaka mwalimu akanigusa bega.

Kama wenye duka watapita hapa: zile kamba za plastiki zikateni zote. Mkasi upo droo ya chini, binti anajua.