Katazo la kwanta: sheria ya asili, au tumekosa rejea?

Mwaka 1952 wanafizikia Wick, Wightman na Wigner walionyesha kwamba hali fulani za kwanta, yaani za chembe ndogo kama elektroni, hazichanganyiki kwa namna inayopimika. Kwao katazo hili la kuchanganya ni la asili. Hoja ya kulitetea ni nzito: zungusha elektroni nyuzi 360, hali yake inageuka alama, kutoka jumlisha kuwa kutoa; ya fotoni, chembe ya mwanga, haigeuki. Mzunguko kamili hauwezi kubadili kipimo, basi ukichanganya hali hizo mbili, awamu kati yao, yaani moja imetangulia nyingine kiasi gani katika wimbi, haipimiki.

Mwaka 1967 wanafizikia Aharonov na Susskind walijibu, kuhusu katazo kama hilo la kuchanganya hali zenye chaji tofauti za umeme, kwamba tunachokosa ni rejea tu, yaani kitu cha pamoja cha kulinganishia. Sisi wa Kigoma tunalielewa hili upesi. Mpigie ndugu yako aliye Kalemie, Kongo, ng'ambo ya ziwa, umwambie "tuongee saa mbili" bila kusema saa ya nani: mtapishana, maana wao wako nyuma yetu kwa saa moja. Muda upo, makubaliano hayapo.

Kwa chaji naegemea upande huu wa pili, kwa kuwa superkondakta, kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani, chenye jozi nyingi za elektroni katika hali moja, yaweza kuwa rejea hiyo. Lakini elektroni mojamoja hazirundikani hivyo. Hapo Wigner na wenzake bado wananishika.